Saa ile ile, maji mengine

Swali: "Nimevua kwa ndoana tangu utotoni, ziwani na mtoni, na sasa nimestaafu nina muda wa kutosha. Mwaka jana nilianza kwenda mlangoni mwa mto, pale unapokutana na bahari. Nina mahali pangu karibu na nguzo za daraja la zamani, na hufika saa 12 alfajiri kama nilivyozoea. Kuna asubuhi samaki wanagombania chambo, kisha siku kadhaa sipati hata wa kudonoa. Mahali pale pale, chambo kile kile cha nyungunyungu, saa ile ile. Nimeona siku nzuri hurudi kila baada ya majuma mawili hivi, na wenzangu wananiambia ni mwezi. Je, ni mwezi kweli, ni chambo, au ni uzee? Na vifaa vyangu vya ziwani vinafaa huku, au ninunue vingine?"

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Uzee haumo katika hesabu hii. Chambo kina sehemu yake ya lawama na nitakifikia, lakini kinachokuangusha zaidi ni hiyo saa ile ile.

Ziwani, saa 12 alfajiri ya leo na ya kesho hazitofautiani sana. Jua linakaribia kuchomoza, mwanga ni hafifu, upepo haujaamka, na samaki wawindaji wanawaona wadogo vizuri kuliko wadogo wanavyowaona wao. Mlangoni mwa mto jua si bwana mkubwa. Maji hujaa na kupwa kwa kufuata mwezi zaidi, na mwezi haujali saa ya ukutani: kutoka kujaa kumoja hadi kujaa kunakofuata ni wastani wa saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50. Hesabu siku saba. Ucheleweshaji umefika karibu saa 6, yaani ikiwa maji yamejaa saa 12 alfajiri ya Jumatatu hii, Jumatatu ijayo saa hiyo hiyo yatakuwa yamekupwa, na Jumatatu ya tatu utayakuta yamejaa tena. Hayo ndiyo majuma mawili uliyoyaona. Umekuwa ukivua maji tofauti kila siku, na mara mbili kwa mwezi ratiba yako na ya maji zinaangukiana.

Kwa hiyo wenzako hawako mbali na ukweli. Ni mwezi, ila mwezi haumfungui samaki mdomo. Mwezi, ukisaidiwa na jua, huvuta maji ya bahari. Maji yakitembea hubeba chakula, na samaki hufuata chakula. Ndiyo maana ziwani hukuwahi kuuhitaji: hata katika maziwa makubwa kabisa ya Amerika Kaskazini, kujaa na kupwa hakufiki sentimita 5. Yale majedwali yanayodai kutaja saa za samaki kula kwa kufuata mwezi, mimi ziwani siyabebi. Mbalamwezi usiku ni habari nyingine, mwanga wake una athari zake, lakini wewe ni mtu wa alfajiri.

Tahadhari moja kabla hatujaenda mbele. Ziko pwani zinazojaa mara moja tu kwa siku, na nyingine hujaa mara mbili kwa vimo visivyolingana. Jedwali la maji la mahali ulipo lina kauli kuliko hesabu yangu. Ila kwa jinsi siku zako nzuri zinavyorudi, nadhani uko kwenye pwani ya kawaida ya kujaa mara mbili.

Sasa tuingie ndani kidogo, kwa sababu kujua saa bila kujua samaki anafanya nini ni nusu ya kazi. Kwenye maji baridi (yaani yasiyo na chumvi, ya ziwani na mtoni) tunabisha hodi nyumbani kwa samaki: chini ya mti ulioanguka, kwenye ukingo wa magugu, nyuma ya jiwe. Mlangoni tunamngoja njiani. Sababu iko mwilini mwake. Mwili wa samaki wa maji baridi una chumvi kuliko maji yanayomzunguka, hivyo maji humwingia bila kualikwa kupitia matamvua, viungo vyake vya kupumulia, naye hushinda akiyatoa kwa mkojo mwingi na mwepesi. Wa baharini yuko kinyume. Maji ya bahari yana chumvi ya takriban gramu 35 kwa kila kilo moja, mwili wake unapoteza maji muda wote, basi hunywa maji ya bahari na kuisukuma nje chumvi ya ziada kupitia seli maalumu za matamvua.

Anayevuka mpaka huo lazima abadilishe kazi ya figo na ya matamvua kwa pamoja. Wako wanaoweza: mkizi, mwatiko, mikunga wanaokulia mitoni na kurudi baharini kuzaa, barramundi wa Australia na kusini mwa Asia (huyu ni ndugu wa sangara, wote ni wa jenasi ya Lates, ila sangara amebaki maji baridi), hata papa mmoja mkubwa, Carcharhinus leucas, ambaye hupanda mito hadi mbali na bahari. Wengi wengine huchagua njia rahisi. Hawabadilishi mwili, husafiri na maji yao. Chumvi ikipanda mto nao hupanda, ikirudi nao hurudi, na katika kujaa na kupwa kumoja maji hayo huweza kutembea kilomita kadhaa. Wewe umesimama pale pale kwenye nguzo. Samaki yuko safarini.

Nguzo zenyewe ni mahali pazuri, usiziache. Lakini hebu tuzitazame kwa karibu. Maji yakipita kwenye nguzo hugawanyika, na upande yanakoelekea hubaki sehemu tulivu yenye maji yanayozunguka polepole. Kila pembeni ya sehemu hiyo huanzia mchirizi unaoonekana juu ya maji: upande mmoja wa mchirizi maji yanakimbia, upande wa pili yanazubaa. Samaki hukaa kwenye utulivu, kichwa kikiuelekea mkondo, pua ikiwa karibu na mchirizi, na kila kamba au samaki mdogo anayepita na maji ya kasi hukwapuliwa. Haya unayajua, ndivyo ulivyovua mtoni nyuma ya mawe miaka yote. Tofauti ni kwamba jiwe la mtoni halibadilishi upande. Maji yakipwa, utulivu wa nguzo uko upande wa baharini; yakijaa, uko upande wa juu ya mto, na samaki anahamia huko.

Swali langu kwako: unatupa upande upi? Mtu mwenye mahali pake huwa pia na upande wake. Ikiwa hutupa upande wa baharini kila siku, basi wakati wa kujaa chambo chako kiko mbele ya nguzo, kinasukumwa kwenye zege, mshipi (uzi wa kuvulia) unajisokota, na samaki yuko nyuma ya nguzo anatazama pengine. Badilisha upande kila maji yanapogeuka. Na usikidondoshe chambo kichwani mwake. Tupa mita chache upande mkondo unakotoka, uache maji yenyewe yakilete hadi kwenye mchirizi. Chakula halisi hakishuki kutoka angani, wala hakipigi mbizi kinyume na mkondo.

Upande wa saa, iko kanuni ya zamani ya mabaharia ambayo kila mvuvi wa mlangoni anafaa kuwa nayo kichwani. Gawa muda wa kujaa katika saa 6. Saa ya kwanza maji hupanda kwa sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo chote, ya pili sehemu mbili, ya tatu sehemu tatu, ya nne tatu, ya tano mbili, ya sita moja. Kama tofauti kati ya kupwa na kujaa ni mita 3, utapata sentimita 25 saa ya kwanza, 50 ya pili, kisha 75 na 75, halafu 50 na 25. Kupwa huenda vivyo hivyo. Kanuni hii ni ya makadirio, lakini inakuambia mambo mawili makubwa: mkondo una nguvu katikati, na maji hupanda haraka wakati ambao mtu ameshazama katika uvuvi wake. Saa ya tatu peke yake inatosha kukufunika kutoka magotini hadi juu ya kiuno. Wanaokwama kwenye mafungu ya mchanga kwa kawaida hawakufuatwa na maji kutoka mbele. Mfereji uliokuwa nyuma yao ulijaa kwanza nao hawakugeuka kutazama. Ukivuka mfereji kwenda kwenye fungu, amua saa ya kurudi kabla hujavuka, si baada ya samaki kuanza kula.

Mimi hupendelea maji ya kupwa, kuanzia saa ya pili hadi ya nne. Wakati huo vijito na mahori yote yanajimwaga mtoni, na kila kilichopanda kwenye matope na katikati ya mizizi ya mikoko (au kwenye nyasi za majimaji, katika nchi za baridi) kinalazimika kutoka kwa mlango mmoja: kamba, kaa wadogo, vijisamaki. Mwindaji hahitaji kuzunguka, anasimama mdomoni mwa kijito. Ukiona maji ya kijito yenye rangi ya chai yanaingia kwenye maji ya mto yenye rangi nyingine, tupa kwenye mpaka wa rangi hizo. Maji yakianza kujaa mambo yanageuka: samaki hufuata ukingo wa maji unaopanda kwenye matope ili wawahi minyoo na kaa, na hapo mvuvi anayetupa mbali anakuwa ameruka samaki wake. Wengine wako kwenye maji ya magotini, mita tano kutoka ulipo.

Maji yakisimama kabisa, mara nyingi samaki nao hutulia, na ni wakati mzuri wa kukagua ndoana. Lakini pale ambapo mkondo wa katikati ni mkali mno, hata chubwi zito (kile kizito cha kushikiza mshipi chini) halitulii, hali hugeuka: samaki hula nusu saa kabla na baada ya maji kusimama, kwa sababu ndipo wanapoweza kutembea bila kupigana na maji. Daraja nyembamba mara nyingi liko hivyo. Utalijua lako kwa kuliangalia.

Jambo linalowachanganya wengi: jedwali la maji limeandikwa kwa kituo fulani cha pwani, na wewe huenda uko ndani ya mto. Kujaa hukufikia kwa kuchelewa, na kadiri unavyopanda mto ndivyo kuchelewa kunavyozidi. Tena mkondo haugeuki palepale maji yanapofika kileleni. Unaweza kuona maji yameanza kushuka ukingoni huku katikati bado yanaelekea juu. Na kwa kuwa mto wenyewe unaleta maji yake, kupwa ndani ya mto huchukua muda mrefu kuliko kujaa. Usihangaike na nadharia. Chomeka kijiti chenye alama ukingoni, tupa jani mkondoni, andika saa kijiti kilipoanza kuonyesha kushuka na saa jani lilipogeuka. Linganisha na jedwali. Tofauti utakayoipata haitakuwa ile ile kabisa kila siku, mvua na upepo vitaichezea, lakini itakutosha kupanga safari.

Upepo na hewa, kwa kifupi: jedwali linahesabu mwezi na jua tu. Upepo wa kutoka baharini hulundika maji mlangoni, na mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali moja, kimo cha bahari hupanda kwa takriban sentimita moja. Siku ya dhoruba usishangae maji yakivuka alama yako.

Kuna kitu ziwani hukukizoea nacho ni kwamba mlangoni unaweza kuwa na mito miwili, mmoja juu ya mwingine. Maji baridi ni mepesi, huelea. Maji chumvi ni mazito, huingia kwa chini kama kabari. Hutokea juu maji yanakwenda baharini huku chini yanapanda mto. Mtu anayevua kwa boya fupi juu ya kilindi cha mita nne anaweza kuwa anavua maji ya mtoni tupu, wakati samaki wa baharini wako miguuni mwake kwenye chumvi. Ukiona mshipi unakwenda upande mmoja na chubwi linaburutwa upande mwingine, ndilo hilo. Shusha chambo.

Pale tabaka la juu linapokutana ana kwa ana na maji ya bahari, utaona mstari wa povu, majani makavu na vijiti. Vijisamaki hukusanyika humo kwa sababu hata viumbe wadogo ambao ni chakula chao hukusanywa humo. Tupa ng'ambo ya mstari, uvute chambo kipite chini yake.

Mvua kubwa ikinyesha huko juu, sukumizo la maji baridi linaweza kukufikia siku kadhaa baadaye, mbingu yako ikiwa safi. Samaki wasiovumilia hutoka kwenda baharini au hujificha kwenye mashimo ya kina ambako chumvi imebaki. Badala yao unaweza kunasa kambare walioteremshwa na mto. Mvuvi aliyetazama jedwali tu atasema samaki wameisha. Aliyeonja maji (naam, chovya kidole uonje, ni kipimo kizuri, ila usifanye hivyo mto unapopita katikati ya makazi) anajua wamekwenda wapi.

Na sasa lile ambalo ningekushauri ulifanye kabla ya lolote. Subiri bamvua. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Maji hujaa kupita kiasi na hupwa kupita kiasi. Nenda kwenye kupwa kabisa, bila fimbo. Utaona chini ya mahali ambapo umekuwa ukipavua kwa kubahatisha: mfereji unapita wapi, shimo liko nguzo ya ngapi, chaza wameota wapi, kile kinachokula ndoana zako ni kisiki au waya. Vitundu vya kaa na vilima vidogo vya minyoo vitakuonyesha meza ya samaki iko wapi. Chora, piga picha, pima kwa hatua kutoka kwenye alama isiyohama. Ziwani ungehitaji kifaa cha kupima kina kuyajua hayo. Mlangoni bahari inakufunulia bure mara mbili kwa mwezi, na wavuvi wengi wanakuwa wamelala. Nenda na mtu lakini, na usiamini tope unalolikanyaga kwa mara ya kwanza.

Je, bamvua ni zuri kwa kuvua kwenyewe? Watu wanabishana sana. Maji ya bamvua yana nguvu, yamejaa takataka na mwani unaoning'inia kwenye mshipi, na yakifika kileleni samaki wanakuwa ndani ya mikoko usikowafikia. Lakini yanafunika ardhi ambayo haijaguswa kwa siku nyingi, na chakula ni kingi. Maji mafu, yale ya nusu mwezi, ni masafi na mapole, huvuliwa kwa raha, ila samaki hana haraka. Mimi nikipewa nichague, nachagua siku tatu nne za kati, wakati maji yanaongezeka kila siku kuelekea bamvua. Siwezi kukuthibitishia hilo kwa hesabu. Ni upendeleo uliojengeka, na wavuvi wazuri wapo wanaopinga.

Chambo chako. Nyungunyungu ni mnyama wa ardhi na maji baridi. Ukimtia kwenye chumvi hupoteza maji ya mwili, hunyauka na kufa upesi, na sifa yake kubwa ilikuwa kupinda-pinda. Samaki wa mlangoni wakati mwingine humla hata hivyo, hasa tabaka la juu likiwa la maji baridi, na huenda ndizo siku zako nzuri. Wakati mwingine wote wape kile kinachoishi pale pale: kamba, minyoo ya matope, kaa aliyetoka kuvua gamba akiwa bado laini. Huyu wa mwisho ni adimu na samaki wanamjua. Mfunge kwenye ndoana kwa uzi mwembamba badala ya kumchoma katikati, vinginevyo atapasuka kwenye kutupa. Ikiwa unapenda kuvua kwa vijisamaki hai, wavue hapo hapo. Usiwabebe kwenye ndoo kutoka maji mengine wala usiwamwage mwishoni mwa siku. Samaki na magonjwa vikihamishwa havirudishwi. Sangara aliingizwa ziwa Victoria miaka ya 1950, na spishi nyingi za samaki wadogo wa ziwa hilo zilitoweka.

Ujuzi wako wa maji baridi haujapotea. Kunyata, kwa mfano. Samaki akitazama juu, huiona nchi kavu yote kupitia duara lenye upana wa takriban nyuzi 97. Aliyesimama wima ukingoni anaingia humo mzima, aliyechuchumaa mbali kidogo hubanwa kwenye kingo za duara. Maji ya mlangoni yakiwa ya tope hakuoni vizuri, lakini anakuhisi: sauti husafiri majini kwa kasi ya karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na masikio yake ya ndani, pamoja na mistari ya hisia iliyo ubavuni mwake, hunasa mtikisiko wa hatua zako kwenye ubao wa gati. Weka ndoo chini taratibu.

Alfajiri pia usiitupe, ila itafutie maji yake. Tazama jedwali, tafuta siku ambazo kupwa kunaanza saa moja au mbili kabla ya mapambazuko, na uzihesabu hizo kuwa siku zako. Siku nyingine nenda saa inayotakiwa na maji, hata ikiwa saa 9 alasiri. Jua likiwa kali kumbuka hewa: maji yasiyo na chumvi ya nyuzi joto 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5 hivi, na maji chumvi hubeba pungufu kwa karibu moja ya tano. Mchana wa joto, mahali maji yamezubaa samaki huchoka; tafuta yanapokimbia. (Na kwa kuwa bado unakwenda ziwani: kwenye bwawa dogo lenye magugu mengi, alfajiri si lazima iwe bora. Mimea hupumua usiku kucha bila kutengeneza oksijeni, na karibu na mapambazuko ndipo hewa inapokuwa chache kabisa majini. Saa mbili baada ya jua kutoka mara nyingi ni bora.)

Vifaa: fimbo yako inafaa. Usinunue mpya mpaka umevua msimu mmoja na kujua unahitaji nini. Nunua machubwi ya uzito tofauti, kwa sababu lile linalotosha saa ya kwanza litaburutwa saa ya tatu, na kinachotakiwa ni uzito mdogo kabisa unaoshika chini. Mbele ya mshipi funga kipande cha nailoni nene, nusu mita au zaidi kidogo, maana kingo za chaza hukata mshipi mwembamba bila hata samaki kuhusika. Kila ukinasua, pitisha kipande hicho katikati ya kucha na kidole. Ukihisi mkwaruzo, kata. Fundo lilowanishe kabla ya kulikaza, msuguano mkavu huunguza nailoni. Rili ioshe kwa maji baridi yasiyo na kasi siku hiyo hiyo, ulegeze breki, uiache ikauke kivulini. Chumvi ya usiku mmoja inatosha kuanza kuila rili ya ziwani. Kama fimbo ni ya kaboni, kumbuka hupitisha umeme: usiisimamishe wala kutupa karibu na nyaya, na radi ikianza kunguruma ilaze uondoke.

Kitu kimoja ningebadilisha kabisa ni ndoana. Chukua ndoana za duara, zile ambazo ncha yake imegeukia ndani. Samaki akimeza na kuondoka, ndoana huteleza hadi kwenye pembe ya mdomo na kushika hapo, badala ya kushika tumboni. Mkono wako wa miaka yote utataka kuvuta kwa nguvu ukihisi mdonoo, na ukifanya hivyo utaichomoa. Mwache aondoke, mshipi ukikaza anza kuzungusha rili, basi. Itakuchukua muda kuuzuia mkono.

Hilo linamsaidia hasa samaki unayemrudisha majini. Lowanisha mikono kwanza ili usimvue ute wake, mshike kwa ulalo ukimtegemeza tumbo, usimning'inize kwa taya, na picha iwe moja. Ngogo na jamaa zake wana miiba mgongoni na kwenye mapezi ya ubavuni, na baadhi ya wa baharini wana sumu. Washike kwa koleo, usiwashike kwa ushujaa. Kuhusu ukubwa wa kuchukua, fuata sheria za mahali ulipo, na usishangae zikikataza wadogo na wakubwa pia. Barramundi, kwa mfano, huanza maisha akiwa dume na kugeuka jike akishakua, kwa hiyo yule mkubwa kuliko wote, ambaye kila mvuvi anataka kupigwa naye picha, karibu kila mara ni mama mwenye mayai mengi kuliko majike madogo kadhaa kwa pamoja. Wa kati ndiye wa kupeleka nyumbani.